MOTOKARI MPYA, KIFUA NI KILE KILE

Kila mara motokari ambayo haijaonekana bado inapoingia Kongolo, watu huizunguka. Wanagusa rangi. Wanafungua kapo na kutazama mashine. Wanauliza: inakunywa lita ngapi? Redio inasikika? Klima inapuliza baridi? Imelipiwa bei gani? Maswali hayo ni ya haki, kwa maana pesa ya mfanyakazi haiokotwi njiani. Lakini kuna swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza: siku motokari hii itakapogonga mti au kamio, au itakapopinduka kwenye kona, mtu aliye ndani atabaki namna gani?

Sisi wa dispanseri hatuioni motokari siku inapooshwa na kupakwa mafuta. Tunawaona watu waliokuwa ndani yake siku ya ajali. Kwa hiyo leo ukurasa huu utapima motokari kwa upande wetu. Hatutasema ipi inakimbia zaidi. Tutasema ipi inamrudisha baba kwa watoto wake. Na maoni yangu nayaweka hapa mwanzoni, ili usiyatafute: rangi, mashine na jina la kiwanda ni mambo ya pili. Jambo la kwanza ni kile kilichowekwa kati ya kifua chako na chuma. Mnunuzi asiyeuliza habari hiyo, awe mfanyakazi mwenye likelemba yake au kompanyi yenye mamilioni, ananunua nusu ya motokari.

MPYA KWA NANI?

Tuelewane kwanza juu ya neno «mpya». Motokari nyingi tunazoziita mpya hapa kwetu zimekwisha kuzeeka mikononi mwa watu wengine. Zilitengenezwa Japani, zikatumika huko miaka 10 au 15, zikapakiwa melini hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo nyingine zinapitia Kigoma na kuvuka ziwa hadi Kalemie. Nyingine zinapitia Zambia na Kasumbalesa, halafu Lubumbashi. Ikifika kwetu inaitwa mpya kwa sababu sisi ndio tunaiona mara ya kwanza.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa hesabu yake: kati ya mwaka 2015 na 2018, motokari ndogo milioni 14 zilizokwisha tumika ziliuzwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine. Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko zote, karibu asilimia 40. Mwaka ule ule serikali ya Uholanzi ilichunguza motokari zilizokuwa zikiondoka bandarini kwake kuja Afrika. Ikakuta kwamba nyingi zilikuwa na miaka kati ya 16 na 20, na nyingi hazikuwa na cheti halali cha kuruhusiwa kutembea barabarani. Maana yake ni hii: motokari ambayo polisi wa kule wangeisimamisha, kwetu inapokewa kwa vigelegele.

Majirani wamekwisha kuanza kuweka mipaka. Kenya haikubali motokari iliyopita miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 haikubali iliyopita miaka 15. Lakini mpaka wa miaka peke yake hautoshi, kwa sababu motokari inaweza kuwa mpya kabisa, na plastiki bado iko juu ya viti, na bado ikaua. Tutaona mfano.

AJALI MOJA NI AJALI TATU

Ili uelewe namna ya kupima motokari, lazima ujue mwili unavunjika namna gani. Watu wanasema «motokari imegonga mti», kana kwamba jambo limekwisha hapo. Kwa munganga, kila ajali ni ajali tatu zinazofuatana kwa kufumba na kufumbua jicho.

Ajali ya kwanza: motokari inagonga mti na kusimama. Ajali ya pili: mtu aliye ndani hajasimama bado. Anaendelea kwa mwendo ule ule mpaka agonge volanti, kioo, au kiti cha mbele. Ajali ya tatu: mwili umesimama, lakini vilivyo ndani ya mwili bado vinakwenda. Ubongo unagonga fuvu. Ini na bandama vinapasuka. Mshipa mkubwa wa damu unachanika karibu na moyo. Ndiyo sababu unaweza kumwona mtu anatoka ndani ya motokari kwa miguu yake, anasema «sina kitu», halafu baada ya saa mbili anakuwa mweupe, anatoka jasho la baridi na kuanguka. Damu yote imemwagika tumboni.

Mwendo wa kilomita 50 kwa saa unaonekana kuwa mdogo. Lakini mtu asiyefunga mkanda akigonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mchikichi wa mita 10. Tena, ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili. Inazidi mara nne. Shofere anayetoka kilomita 40 na kufika 80 amebeba ajali nne ndani ya motokari moja.

Kazi ya motokari nzuri ni kugawanya nguvu hiyo. Pua yake inakunjika polepole ili chumba cha watu kisikunjike. Mkanda wa usalama, mukaba kama tunavyosema hapa, unakushika kwenye mifupa yenye nguvu, yaani bega, kifua na nyonga. Mfuko wa hewa unafunguka kutoka ndani ya volanti na kupokea kichwa. Hivi vitatu ndivyo motokari. Vingine ni mapambo.

Mkanda wa bega na kiuno tunaoujua leo ulitengenezwa na Nils Bohlin, enjinia wa Volvo huko Sweden, mwaka 1959. Kompanyi yake iliviachia viwanda vingine ruhusa ya kuutumia bila kulipa. Tangu siku hiyo hakuna kitu kingine ndani ya motokari kilichookoa watu wengi kuupita. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba kwa mtu wa mbele mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu, na kwa wa nyuma kwa karibu robo. Wa nyuma asiyefunga anakuwa mzigo unaoruka na kumponda wa mbele. Kwa hiyo usiseme «mimi niko nyuma, hainihusu».

TUZIPIME MOJA MOJA

Sasa tuziangalie zile zinazotembea barabarani kwetu.

Toyota Probox. Ilianza kutengenezwa mwaka 2002, kwa kazi ya wafanyabiashara wa Japani: kubeba sanduku za bidhaa kutoka duka hadi duka. Sifa zake tunazijua. Haichoki, haili esansi nyingi, vipuri vyake vinapatikana, fundi yeyote wa garaji anaifahamu. Lakini usisahau ilizaliwa kwa kazi gani. Kiti chake cha nyuma ni chembamba na kifupi cha mgongo, kinakunjwa ili mzigo upite. Ni motokari ya watu 2 na bidhaa, na mara moja moja ya watu 5. Sisi tunapakia 9, wengine wakikaa nyuma pamoja na magunia, na mbele shofere anamgawia abiria nusu ya kiti chake. Probox haina kosa hapo. Kosa ni la anayehesabu vichwa kwa faida.

Toyota Noah na HiAce za Japani. Hapa nakuomba usome polepole, maana kuna mambo matatu ambayo muuzaji hatakuambia. Japani wanatembea upande wa kushoto wa barabara. Sisi Kongo tunatembea kuume. Jambo la kwanza: volanti iko kuume. Ukitaka kupita kamio, huoni kinachokuja mpaka umekwisha kutoa motokari nzima katikati ya barabara. Jambo la pili: mlango wa abiria, ule wa kusukuma, katika nyingi uko kushoto. Kule Japani unafungukia pembeni kwa waenda miguu. Kwetu unafungukia katikati ya barabara, na mama mwenye mtoto mgongoni anashuka mbele ya kamio linalokuja. Jambo la tatu: taa. Taa za Japani zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto, mahali penye waenda miguu wao. Kwetu upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Hata ukishusha taa, unampiga mwanga machoni. Wengine wanahamisha volanti kwenye garaji na kufikiri wamemaliza. Taa zimebaki zile zile, mlango umebaki pale pale, na mfuko wa hewa mara nyingi umebaki kwenye garaji.

Tena HiAce ya zamani, ile ya tangu mwaka 2004, haina pua. Shofere anakaa juu ya mashine, na magoti yake ndiyo ya kwanza kufika kwenye ajali. Mwaka 2019 kiwanda kilitoa HiAce nyingine ambayo ina pua mbele. Wako waliolalamika kwamba pua hiyo inakula nafasi ya watu. Mimi nasema: nafasi hiyo ni miguu ya shofere.

Pikapu. Huu ndio mfano niliouahidi. Mwaka 2017 wachunguzi wa Global NCAP walianza kupima motokari zinazouzwa Afrika. Kazi yao ni kuzirusha juu ya kizuizi kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, na sanamu za watu zikiwa ndani, halafu kutoa nyota tangu 0 hadi 5. Katika zile za kwanza, Chery QQ3 ya China ilipata 0. Mwaka 2018 walipima Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyokuwa ikitengenezwa Afrika ya Kusini na kusifiwa kwa ugumu wake. Ilipata nyota 0 kwa ulinzi wa watu wazima. Chumba cha watu kilikunjika.

Baadaye wakafanya jaribio lingine. Walichukua Hardbody mpya ya mwaka 2019, iliyouzwa Afrika, wakaigonganisha uso kwa uso na Nissan Navara ya mwaka 2015, iliyokwisha tumika Ulaya. Kiwanda kimoja, jina moja. Wachunguzi wakasema shofere wa ile mpya ya Afrika angekufa kwa majeraha yake, na shofere wa ile ya zamani ya Ulaya angeshuka kwa miguu yake. Ndugu, fikiri juu ya jambo hilo usiku. Si kwamba kiwanda hakikujua kutengeneza. Kilijua. Kilichokosekana ni mnunuzi wa kudai na sheria ya kulazimisha.

Toyota Hilux, iliyoanza mwaka 1968, ni jina kubwa, na mwezi wa Novemba 2025 kiwanda kilionyesha Hilux mpya kule Bangkok, pamoja na nyingine inayotumia umeme. Iheshimuni, lakini msiiabudu. Pikapu zote ni ndefu kwenda juu, na uzito wake uko juu. Mwaka 2016 gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, liliijaribu Hilux ya wakati ule kwa kukwepa kitu ghafula, kama mtu anavyokwepa mbuzi. Ikanyanyua magurudumu na kubaki karibu kupinduka. Ikiwa yatokea hivyo kwa shofere wa majaribio juu ya lami, fikiri barabara ya Mbulula wakati wa mvua, na watu 12 wamesimama nyuma wakishika chuma.

Juu ya hao wa nyuma ya pikapu, sina maneno mengi. Nyuma ya pikapu hakuna mkanda, hakuna mfuko wa hewa, hakuna paa, hakuna chumba. Hakuna chapa wala nyota inayomsaidia mtu aliyekaa juu ya mzigo. Ikipinduka, anatupwa, na mara nyingi motokari inamfuata. Pikapu ya bei ya juu kuliko zote ulimwenguni, kwa mtu wa nyuma, ina nyota 0.

SOMO KUTOKA MIGODI YA AUSTRALIA

Sasa Land Cruiser ya namba 70, ile pikapu na ile ya mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na umbo lake halijabadilika sana. Migodi inaipenda. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa nyuma kwa usalama, na walioilazimisha kubadilika walikuwa watu wa kazi kama yetu.

Huko Australia kompanyi kubwa za madini zilitoa amri: motokari ndogo isiyo na nyota 5 haitaingia mgodini. Kwa Toyota ilikuwa ama kubadilisha, ama kupoteza soko. Mwaka 2016 kiwanda kikatoa Land Cruiser 79 ya kabini moja iliyoimarishwa fremu, yenye mifuko ya hewa 5, pamoja na mfuko wa goti la shofere na mapazia ya pembeni, tena na chombo cha kuizuia isiteleze. Ikapata nyota 5.

Tazama: motokari ile ile ambayo watu walisema haiwezi kubadilika, ilibadilika mara mnunuzi aliposema hapana. Lakini ujue pia kwamba nyota zilizopatikana Australia haziji zenyewe Afrika pamoja na jina. Vifaa vinatofautiana kwa kila nchi inakouzwa. Ukiambiwa «hii ni Land Cruiser», bado hujaambiwa kitu. Uliza: mifuko mingapi? Mikanda mingapi, na ya namna gani? Ina chombo cha kuzuia kuteleza? Ulaya, motokari yoyote mpya tangu mwaka 2014 lazima iwe nacho.

HABARI ZA VIWANDA ZINAZOTUGUSA

Habari ya kwanza ni ya mifuko ya hewa yenyewe. Kompanyi ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko iliyowekwa katika Toyota, Honda, Nissan na nyingine nyingi. Dawa ya kuipulizia ilikuwa nitrati ya amonia. Dawa hiyo, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, inaharibika. Siku ya ajali, badala ya kupuliza inalipuka na kurusha vipande vya chuma shingoni na usoni mwa mtu. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo zingewaacha na uvimbe tu. Mifuko karibu milioni 100 iliitwa irudishwe ulimwenguni, na mwaka 2017 kompanyi ikafilisika. Joto na unyevu, ndugu: hiyo ndiyo hali ya hewa ya Kongolo kando ya mto Lualaba. Motokari nyingi za Japani za miaka ya 2000 hadi karibu 2015 zilihusika. Kabla ya kulipa, mpe muuzaji nambari ya shasi na umtake aonyeshe kama mfuko ulibadilishwa. Wala usimpe fundi wa mtaani kuufungua. Ni kama kumpa mtoto baruti.

Habari ya pili ni ya umeme. Mwaka 2024 motokari zaidi ya milioni 17 zinazochajiwa kwa umeme ziliuzwa ulimwenguni, zaidi ya moja kwa kila tano mpya. Mwaka huo huo Ethiopia ikakataza kuingiza motokari ndogo za esansi na mazutu. Sisi tumo katika habari hiyo: zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu inachimbwa Kongo, na litiamu ya Manono iko katika jimbo letu hili la Tanganyika. Zile za umeme mtupu bado ni adimu kwetu, lakini zile zinazochanganya esansi na umeme, kama Toyota Prius, zimekwisha kuingia Kongo. Basi jueni jambo hili la kuokoa: nyaya za rangi ya machungwa ndani yake zina umeme wa kuua. Ajali ikitokea, usizikate, usizishike. Na betri yake ikiwaka moto, inaweza kuzimika na kuwaka tena. Waondoe watu na mkae mbali.

Lakini kuna uchungu katika habari hiyo. Madini yanatoka kwa mikono yetu, yanakwenda kuwa motokari inayojisimamisha yenyewe mbele ya mtoto. Na inayorudi kwetu ni ile iliyotolewa mifuko. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje tangu Februari, kisha mwezi wa Oktoba ikaweka viwango. Ni vizuri kulinda bei ya madini. Ningependa kuona bidii ile ile mpakani, kwa motokari zinazoingia.

«AJALI HAINA KINGA»

Najua methali hii. Tunaisikia kila mara kitanda kinapojaa. Wazee walikuwa na haki kusema kwamba hakuna anayejua siku. Lakini hawakusema usijitayarishe. Mgodini hatuseni «jiwe halina kinga». Tunavaa kaske, tunapima paa kabla ya kuingia. Mfanyakazi anayekataa kaske iliyopasuka, na ana haki ya kuikataa, jioni anapanda motokari isiyo hata na mkanda mmoja. Kichwa ni kile kile. Kwa nini chini ya ardhi kina bei, na barabarani hakina?

Wengine watasema: motokari zenye nyota ni ghali, na sisi ni maskini. Jibu langu: mguu wa shofere ni bei gani? Baba akilala miezi 6, likelemba inasimama, watoto wanafukuzwa shule, motokari yenyewe inauzwa vyuma. Cha rahisi ni ghali. Tena mambo mengi hayadai pesa: mkanda uliomo ukaufunga, watu 5 wakabaki 5, mwendo ukapungua. Kwa mwenye pikipiki, kofia iliyofungwa kidevuni inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Kofia inayoning'inia mkononi inalinda kiwiko tu.

KWA WAKUBWA WA KOMPANYI NA WAJUMBE WA SENDIKA

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inataka kompanyi ziwe na Komite ya Usalama na Usafi. Maoni yangu ni kwamba komite hiyo iketi mezani kabla motokari haijanunuliwa, si baada ya maziko. Iandike karatasi moja yenye masharti manne: nyota ngapi, mkanda wa bega kwa kila kiti, chombo cha kuzuia kuteleza, hakuna mtu nyuma ya pikapu, hata kwa «safari fupi». Muuzaji asiyetimiza aondoke na motokari yake. Anayesafirisha wafanyakazi kwa mkataba naye afuate karatasi hiyo hiyo. Australia wamekwisha kuonyesha kwamba kiwanda kinasikia sauti ya mnunuzi.

KABLA YA KULIPA: DAKIKA KUMI ZAKO

Wewe unayekwenda kununua, fanya hivi:

1. Zungusha ufunguo bila kuwasha mashine. Taa ndogo ya mfuko wa hewa lazima iwake, halafu izimike baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa, kuna aliyeificha. Isipozimika, mfuko haufanyi kazi.

2. Vuta kila mkanda kwa nguvu na ghafula. Lazima ukamate. Ukiwa umechanika au umekwisha kuvutwa na ajali, ubadilishwe.

3. Soma ubavuni mwa mpira, kwenye alama ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka: 3219 ni juma la 32 la mwaka 2019. Mpira uliopita miaka 10 hauna rafiki, hata kama meno yake ni mazuri.

4. Kanyaga freni mara kadhaa mashine ikiwa imezimika, uishikilie, halafu washa. Pedali lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, msaada wa freni umekufa.

5. Tazama mlango wa abiria unafungukia wapi. Ukifungukia barabarani, amua tangu leo kwamba hakuna atakayeshuka kabla wewe hujatoka kutazama.

6. Usiku, simama mbele yake taa zikiwa zimeshushwa. Zikikupiga machoni, zibadilishwe.

Na ajali ikitokea hata hivyo: usimvute mtu kwa mkono. Ita watu, mshike kichwa na shingo visicheze, mtoe tu kama kuna moto au maji. Penye damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachilia. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu, shingo ikifuata mwili. Usimpe maji. Na yule anayesema «sina kitu», mlete pia dispanseri. Ajali ya tatu haionekani kwa macho.

Ndugu mfanyakazi, mashine inabadilishwa, rangi inapakwa upya, motokari inaagizwa nyingine. Kifua ulichozaliwa nacho hakina kipuri, si Dubai, si Japani. Kabla ya kumuuliza muuzaji inakunywa lita ngapi, muulize itakulinda na nini.

FUNGA MKANDA. HESABU WATU. PUNGUZA MWENDO.